Maumivu ya kifua baada ya kuwekewa stenti

Maumivu ya kifua baada ya kuwekewa stenti ni maumivu, uzito au hali ya kubanwa kifuani inayoendelea au kurudi kwa mtu ambaye mishipa ya damu ya moyo wake imekwisha kuzibuliwa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa ili ubaki wazi. Hali hiyo si ya nadra. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya wagonjwa huwa bado na anjina (maumivu yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha), au huipata tena, ndani ya mwaka mmoja au zaidi baada ya tiba.

Maumivu hayo hayana chanzo kimoja. Machache ni dharura inayoweza kuua ndani ya saa chache. Mengi hutokana na matatizo yanayoweza kupunguzwa kwa dawa na mabadiliko ya maisha. Mengine hayatoki moyoni kabisa. Kwa sababu hiyo yanahitaji kuchunguzwa upya, wala hayapaswi kupuuzwa kwa hoja kwamba moyo "umeshatengenezwa". Kwa watu waishio mbali na hospitali zenye mtambo wa kuzibua mishipa, kama wakazi wa Segera mkoani Tanga, Tanzania, hali hiyo inahusu pia safari, gharama na upatikanaji wa dawa.

## Moyo na mishipa yake

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe hulishwa na mishipa yake maalumu iitwayo ateri za korona. Ateri hizo ni mbili, ya kulia na ya kushoto, nazo huanzia kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ateri ya kushoto hugawanyika mapema katika matawi makubwa mawili: moja hulisha sehemu ya mbele ya moyo na lingine huzunguka upande wa kushoto kuelekea nyuma.

Mgawanyiko huo unaweza kulinganishwa na njia panda ya Segera, ambapo barabara kuu itokayo Chalinze hugawanyika: tawi moja huenda Tanga kupitia Muheza, na jingine huenda Korogwe, Moshi na Arusha. Lori likiziba barabara baada ya njia panda, wanaokosa mahitaji ni wale walio mbele ya kizuizi kwenye tawi hilo. Likiziba kabla ya njia panda, matawi yote mawili huathirika. Vivyo hivyo, uzito wa ugonjwa wa mishipa ya moyo hutegemea mahali palipoziba na kiasi cha kuziba.

Ateri huwa nyembamba kwa sababu ya mafuta, chembechembe za damu na chokaa vinavyojikusanya ndani ya ukuta wake kwa miaka mingi. Shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa tumbaku, wingi wa lehemu katika damu, umri na urithi wa familia huongeza kasi ya jambo hilo. Mtu akiwa ametulia, damu inayopita inaweza kutosha. Akipanda mlima au akibeba mzigo, moyo hudai damu zaidi na mshipa mwembamba hushindwa kuipeleka. Hapo ndipo anjina hutokea.

## Historia

Daktari Mwingereza William Heberden aliieleza anjina mwaka 1768 mbele ya chama cha matabibu cha London, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1772. Alitaja mambo ambayo hadi leo huulizwa kila mgonjwa: maumivu huja wakati wa kutembea, hasa kupanda mlima au baada ya kula, na hupotea mtu anaposimama.

Tarehe 16 Septemba 1977 Andreas Grüntzig, akiwa Zürich nchini Uswisi, alipanua kwa mara ya kwanza ateri ya korona ya mgonjwa aliye macho kwa kutumia puto dogo lililopitishwa ndani ya mrija mwembamba. Tatizo la puto peke yake lilikuwa kwamba mishipa mingi ilisinyaa tena baada ya miezi michache. Mwaka 1986 Jacques Puel aliweka stenti ya kwanza katika ateri ya korona ya binadamu huko Toulouse, Ufaransa, na mwaka huohuo Ulrich Sigwart alifanya hivyo Lausanne, Uswisi. Kuanzia mwaka 2002 zilianza kutumika Ulaya stenti zilizopakwa dawa inayozuia kovu kukua ndani yake, na hizo ndizo zinazotumika zaidi siku hizi.

Kwa miaka mingi Watanzania waliohitaji tiba ya namna hiyo walipewa rufaa kwenda nje ya nchi, hasa India. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyo katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam. Huko mishipa ya moyo huzibuliwa kupitia tundu dogo linalotobolewa mkononi au kwenye paja. Katika nchi jirani huduma hiyo hupatikana, kwa mfano, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, na katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi.

## Kazi ya stenti na mipaka yake

Stenti hupanua mahali pamoja penye wembamba. Haiondoi ugonjwa uliomo katika kuta za mishipa mingine, wala haizuii peke yake kutokea kwa wembamba mpya. Kutokuelewa jambo hilo ndicho chanzo cha masikitiko ya wagonjwa wengi wanaorudi nyumbani wakiamini kwamba wamepona kabisa.

Ni lazima kutofautisha hali mbili. Katika shambulio la moyo, yaani mshipa unapoziba ghafla na msuli wa moyo kuanza kufa, kuzibua na kuweka stenti mapema huokoa maisha. Katika anjina tulivu, ambayo huja na kuondoka kwa utaratibu unaojulikana, manufaa makuu ya stenti ni kupunguza maumivu. Utafiti uitwao COURAGE, uliotolewa mwaka 2007 na kuhusisha wagonjwa 2,287, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hiyo stenti pamoja na dawa hazikupunguza vifo wala mashambulio ya moyo kuliko dawa peke yake. Utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 5,179, ulifikia matokeo yanayofanana na hayo.

Utafiti wa ORBITA-2, uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2023, uliwahusisha wagonjwa 301 waliosimamishiwa dawa za anjina. Baadhi yao walizibuliwa mishipa. Wengine walifanyiwa utaratibu wa kuigiza tu, bila wenyewe kujua. Waliozibuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, lakini baada ya wiki 12 takriban 6 kati ya 10 miongoni mwao walikuwa bado na anjina kwa kiasi fulani. Kwa hiyo mgonjwa anayesema bado anaumwa baada ya stenti hasemi jambo la ajabu.

## Sababu

### Sababu zinazotokana na mishipa mikubwa

* Damu kuganda ndani ya stenti. Ni tukio la ghafla na la hatari kuliko mengine yote. Hutokea kwa wagonjwa wachache, hasa katika siku 30 za kwanza. Sababu mojawapo kubwa ni kuacha mapema dawa za kuzuia damu kuganda.
* Stenti kusinyaa tena. Kovu hukua ndani ya stenti na kuupunguza upana wa mshipa. Kwa kawaida huonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 12, na maumivu hurudi polepole, yakifanana na yale ya kabla ya tiba. Stenti zenye dawa zimepunguza sana tatizo hili, ingawa halijaisha, na wenye kisukari hulipata zaidi.
* Wembamba ulioachwa. Wakati mwingine daktari huzibua mshipa wenye hatari zaidi na kuacha mwingine kwa sababu ni mwembamba mno, umeziba siku nyingi au unahitaji safari ya pili ya matibabu.
* Wembamba mpya. Ugonjwa huendelea mahali pengine, hasa ikiwa presha, sukari, lehemu na tumbaku havijadhibitiwa.

### Sababu zinazotokana na mishipa midogo na mikazo

Picha ya angiografia huonyesha barabara kuu za moyo tu. Vijia vidogo vinavyoifikisha damu ndani ya msuli havionekani humo. Vijia hivyo vikishindwa kutanuka vizuri, mtu hupata anjina ya kweli hata kama stenti iko wazi na mishipa mikubwa inapitisha damu bila shida. Hali hiyo huwapata zaidi wanawake, wenye kisukari na wenye presha ya muda mrefu.

Sababu nyingine ni mkazo wa ghafla wa ateri, ulioelezwa na Myron Prinzmetal na wenzake mwaka 1959. Maumivu yake huja mara nyingi mtu akiwa amepumzika, hasa usiku wa manane au alfajiri. Uvutaji wa sigara huyachochea.

### Sababu zinazoongeza mahitaji ya moyo

Upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, mapigo ya moyo yasiyo sawa na presha ya juu vinaweza kuleta anjina bila stenti kuwa na kasoro. Katika maeneo yenye malaria na minyoo, kupima wingi wa damu ni hatua rahisi isiyopaswa kurukwa.

### Sababu zisizotoka moyoni

Siku chache za mwanzo baadhi ya wagonjwa huhisi maumivu madogo kwa sababu ukuta wa mshipa umetanuliwa. Kwa kawaida huisha yenyewe. Vyanzo vingine ni asidi ya tumbo kupanda kooni, vidonda vya tumbo, misuli na maungio ya mbavu, ugonjwa wa mapafu, na hofu. Mtu aliyenusurika shambulio la moyo husikiliza kila mchomo wa kifua chake, na hofu yenyewe huweza kukaza kifua na kuharakisha pumzi. Maumivu ya hofu si ya uongo, nayo yana tiba yake.

## Namna ya kuyaeleza maumivu

Katika Kiswahili maneno yanayohusu kifua huingiliana. "Chembe cha moyo" ni shimo lililo chini ya mfupa wa kidari, juu ya tumbo. Mtu anayesema anaumwa chembe anaweza kuwa na tatizo la tumbo au la moyo. "Kichomi" ni maumivu makali ya ubavuni, mara nyingi yatokanayo na mapafu. "Moyo unaniuma" huweza kumaanisha huzuni tu. Mgonjwa husaidika zaidi akieleza mambo yafuatayo badala ya kutaja jina la ugonjwa:

* mahali maumivu yalipo, na kama yanaenda mkononi, shingoni, tayani au mgongoni;
* yanavyohisiwa: kubana, uzito, kuunguza au kuchoma kama sindano;
* yanayoyaleta: kutembea, mzigo, baridi, shibe, hasira;
* yanayoyaondoa: kupumzika, dawa ya chini ya ulimi, kubadili mkao;
* muda yanaodumu na idadi ya mara kwa wiki;
* kama yanafanana na yale ya kabla ya stenti.

Anjina kwa kawaida hubana au kulemea, huja na kazi na huisha ndani ya dakika chache za mapumziko. Maumivu yanayoongezeka mtu akibonyeza mbavu au akivuta pumzi mara nyingi si ya moyo, ingawa kanuni hiyo ina visa inavyovikosa. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu ya wazi na badala yake kupata pumzi fupi, jasho, kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida.

## Dalili za hatari

Mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali mara moja ikiwa:

* maumivu yamekuja akiwa ametulia na yamezidi dakika 15;
* hayapungui dakika 5 baada ya dawa ya chini ya ulimi;
* yameambatana na jasho la baridi, kutapika, kuzimia au kushindwa kupumua;
* anjina iliyokuwa tulivu imeanza kuja mara nyingi zaidi au kwa kazi ndogo zaidi kuliko zamani;
* maumivu makali yametokea wiki chache baada ya stenti, hasa kama dozi zimerukwa.

Asiendeshe mwenyewe gari wala pikipiki. Asiye na mzio wa aspirini wala damu inayotoka mwilini kwa kawaida huelekezwa kutafuna aspirini wakati usafiri unatafutwa.

## Uchunguzi

Hatua ya kwanza ni historia ya maumivu na kupima presha, mapigo, sukari na wingi wa damu. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kikifanywa wakati maumivu yapo huwa na thamani kubwa, lakini kikiwa cha kawaida hakiondoi uwezekano wa anjina. Kipimo cha damu cha troponini huonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Kipimo cha mawimbi ya sauti (eko) huonyesha nguvu ya moyo na sehemu zisizojikunja vizuri.

Pale panapohitajika hufuata kipimo cha moyo wakati wa mazoezi, picha ya CT ya mishipa au angiografia ya pili. Katika angiografia daktari anaweza kupitisha waya unaopima msukumo wa damu kabla na baada ya mahali pembamba, ili kujua kama wembamba huo ndio unaoleta maumivu. Uwiano wa 0.80 au chini yake huhesabiwa kuwa dalili ya wembamba wenye madhara. Angiografia ikionyesha kwamba kila kitu kiko wazi, bado panabaki uwezekano wa ugonjwa wa mishipa midogo au mikazo.

## Matibabu

### Dawa zinazolinda stenti na maisha

Wagonjwa wengi hupewa aspirini pamoja na dawa ya pili kama klopidogreli. Kwa kawaida dawa ya pili hutumika takriban miezi 6 kwa mwenye anjina tulivu na miezi 12 kwa aliyepata shambulio la moyo, kisha aspirini huendelea. Muda hubadilika kulingana na hatari ya kutokwa damu, na anayeamua ni daktari wa moyo. Dawa hizi si za maumivu. Mgonjwa asipozimeza hahisi tofauti yoyote siku ile, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Anayetaka kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji amweleze mhudumu kuhusu stenti, na asiache dawa kabla daktari wake hajaulizwa.

Dawa za kundi la statini hupunguza lehemu na kutuliza ugonjwa katika kuta za mishipa. Nazo huendelea hata vipimo vya lehemu vikiwa vizuri.

### Dawa zinazopunguza anjina

Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprololi na atenololi, hupunguza mahitaji ya moyo ya damu. Amlodipini na dawa za kundi lake hulegeza mishipa na hufaa pia kwa mikazo. Naitrati za muda mrefu husaidia, lakini lazima pawe na saa kadhaa kila siku bila dawa hiyo, ama sivyo mwili huizoea. Pale hizi zisipotosha, zipo nikorandili, ivabradini na ranolazini, ingawa upatikanaji wake hutofautiana.

Naitrati ya chini ya ulimi hutumika wakati wa maumivu, au dakika chache kabla ya kazi inayojulikana kuyaleta. Mgonjwa akae kitako kwanza kwa kuwa presha hushuka na anaweza kuanguka. Vidonge vyake hupoteza nguvu vikikaa kwenye joto, mwanga au kifuko cha plastiki, hivyo hutunzwa ndani ya chupa yake iliyofungwa vizuri. Naitrati haichanganywi kamwe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, kwa sababu presha inaweza kushuka kiasi cha kuua.

### Dawa za kuepuka

Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa urahisi katika maduka ya dawa, huongeza hatari ya shambulio la moyo na ya kutokwa damu tumboni kwa anayetumia aspirini na klopidogreli. Parasetamoli ni salama zaidi kwa maumivu ya kawaida. Omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Anayehitaji dawa ya tumbo mara nyingi hupewa pantoprazoli. Mitishamba na vidonge vya kitunguu saumu vitajwe kwa daktari, maana baadhi huongeza uwezekano wa kutokwa damu.

### Tiba nyingine

Stenti iliyosinyaa inaweza kupanuliwa tena kwa puto lenye dawa au kwa stenti nyingine. Mwenye mishipa mingi iliyoziba anaweza kufaa zaidi kwa upasuaji wa kupandikiza mishipa, ambapo mshipa kutoka kifuani au mguuni hutumika kuipitishia damu njia mpya.

## Maisha ya kila siku

Anjina inayojulikana na isiyobadilika haimlazimu mtu kulala kitandani. Kutembea kila siku, kwa kuanza polepole na kuongeza kidogo kidogo, huuzoesha mwili kufanya kazi ileile kwa damu kidogo. Kanuni rahisi ni kwenda kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza bila kuhema, na kupumzika kifua kinapoanza kubana. Kulima asubuhi kabla ya jua kali, kugawa mzigo mmoja kuwa miwili, na kutofanya kazi nzito mara baada ya kula ni mbinu zinazowasaidia wengi. Ndoo ya maji kichwani kwenye mwinuko ni kazi kubwa kwa moyo, hata kama mbebaji ameizoea tangu utotoni.

Chakula chenye mboga, maharage, matunda na samaki, chumvi kidogo, na mafuta ya nyama na tui zito kwa kiasi, husaidia kudhibiti presha na lehemu. Kuacha tumbaku hupunguza hatari kuliko dawa nyingi. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima apange saa za dawa na daktari kabla ya mfungo. Wengi wenye anjina tulivu huweza kufunga, lakini si wote. Tendo la ndoa kwa kawaida ni salama kwa mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu.

Huzuni na wasiwasi huwapata wagonjwa wengi. Huzidishwa na maneno ya jamaa waliochangia matibabu na ambao hawaelewi kwa nini mgonjwa bado analalamika. Mwanafamilia mmoja akifuatana na mgonjwa kliniki na kuelezwa hali halisi, mzigo huo hupungua. Daftari dogo la kuandika siku, saa, kazi iliyoleta maumivu na dawa iliyotumika humsaidia daktari kuliko kumbukumbu.

## Umbali wa huduma: mfano wa Segera

Segera ni kata ya Wilaya ya Handeni iliyo jirani na Korogwe, kwenye njia panda ya barabara za Tanga, Dar es Salaam na Moshi. Ni mahali pa mabasi na malori, vibanda vya chakula na matunda, na wakulima wa mahindi na mihogo. Hospitali ya Magunga mjini Korogwe iko karibu kilomita 20 kutoka hapo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, jijini Tanga, iko takriban kilomita 70, na Dar es Salaam, ilipo JKCI, takriban kilomita 280. Hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC, Moshi, nayo ni safari ya saa kadhaa.

Kwa mwenye stenti aishiye hapo, umbali huo una matokeo matatu. Kwanza, dharura huanzia hospitali ya karibu yenye ECG na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda au njia ya kutoa rufaa; kungoja basi la Dar es Salaam huku maumivu yakiendelea ni kupoteza muda ambao msuli wa moyo unakufa. Inafaa familia ijue mapema ni gari la nani litakalotumika usiku, na namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani.

Pili, dawa zinaweza kuisha kabla ya siku ya kliniki. Mgonjwa hushauriwa kuhesabu vidonge na kutafuta vingine vikiwa vimebaki vya wiki mbili. Akiwa safarini, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Klopidogreli ikikosekana dukani, asinunue dawa nyingine kwa kukisia bali apige simu kliniki.

Tatu, mhudumu wa zahanati anayemwona mgonjwa kwa mara ya kwanza hajui kilichofanyika Dar es Salaam. Kadi ya stenti, muhtasari wa kuruhusiwa hospitalini na nakala ya ECG ya siku ambayo hakuwa na maumivu vikikaa pamoja, humwezesha mhudumu huyo kulinganisha na kuamua haraka.

Gharama hubaki kikwazo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hugharimia huduma za wanachama wake kulingana na kitita chao, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 ili kupanua kinga hiyo. JKCI pia imekuwa ikipeleka wataalamu mikoani kwa utaratibu uitwao tiba mkoba, unaowawezesha baadhi ya wagonjwa kupimwa moyo karibu na kwao. Wembamba mpya wa mishipa unaweza kuhitaji safari ya Dar es Salaam. Lakini kupima presha, sukari na wingi wa damu, kurekebisha dozi na kumsikiliza mgonjwa ni kazi zinazoweza kufanyika hukohuko nyumbani.

## Tazama pia

* Moyo
* Shambulio la moyo
* Shinikizo la juu la damu
* Kisukari
* Lehemu
* Segera